Pimamaji ya Sikioni

Waliosema Bi Mashine ni kiziwi walikuwa hawajawahi kumsengenya mashine ikinguruma. Wewe simama kwenye foleni na ndoo yako ya mahindi, mwinamie jirani yako, mpigie kelele sikioni kwamba huyu mwanamke siku hizi ana maringo, na unga wenyewe anausaga chenga chenga. Kule upande wa pili, kope zimejaa unga kama ajuza, Bi Mashine atakujibu bila hata kugeuka:

"Maringo ninayo na mashine ninayo. Wewe una nini zaidi ya ndoo?"

Foleni nzima itacheka, nawe utatamani kuingia ndani ya ndoo yako ujifunike.

Lakini ngoja mashine izimwe. Simama mbele yake, mpe shikamoo yako safi yenye adabu zote, naye atakuuliza kama unataka kukoboa au kusaga tu.

Mtaa ukakata shauri kwamba uziwi wake ni wa kuchagua. Anasikia anachotaka, walisema, kama waume wengi. Yeye aliwaacha waamini hivyo hivyo, maana mtu anayeogopwa kwa masikio yake ana heshima kuliko anayehurumiwa. Ukweli aliujua mwenyewe. Tangu alipomzaa binti yake wa pekee, ukimya ulikuwa ukimwingia kidogo kidogo, kama kisima kinavyokauka, leo ndoo inajaa, kesho inakwangua tope. Penye utulivu watu hushusha sauti, na sauti zao zikazama zisimfikie. Penye mashine wote hupayuka, na ile ngurumo inayoziba masikio ya wenzake yeye haikumziba. Ndani ya kelele ndimo alimokuwa mzima.

Mama yake naye alikuwa hivyo. Mtaani walimwita Mlango, kwa sababu ilikuwa lazima umgonge bega ndipo afungue.

Haya yote angeishi nayo. Kilichomshinda ni kizunguzungu.

Kilianza kama masihara, kitanda kuyumba asubuhi, ukuta kumkonyeza. Akanunua vidonge duka la dawa, akanyamaza. Hata siku moja, mashine iko kwenye mwendo wake, akainama kuokota gunia. Sakafu ikainuka. Ikapinduka kama ungo mikononi mwa mpepetaji, naye akiwa ndiye pumba. Alipopata fahamu kuwa yupo, alikuwa ameketi chini, kichwa wazi, na kilemba chake kilikuwa juu ya puli, lile gurudumu la mashine, kimenaswa na mkanda, kikizunguka na kupiga ukuta: pa, pa, pa. Kati ya kilemba na shingo yake ilibaki nafasi ya kiganja cha mtoto.

Akawatazama wateja. Wote wamesimama na ndoo zao. Kwa mara ya kwanza mashine ilikuwa inanguruma na yeye hasikii mtu, kwa kuwa hapakuwa na aliyesema neno.

Aliyezima mashine alikuwa binti yake, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, aliyekuja mbio na tumbo lake la mimba limemtangulia. Akazima, akachomoa ufunguo, akautia kifuani.

"Nipe ufunguo," Bi Mashine akasema, bado yuko chini.

Binti akamwinamia sikioni. "Huupati mpaka daktari aseme."

"Mimi ndiye niliyekuzaa."

"Na mimi ndiye nitakayekuzika, mama, kwa hiyo nina haki. Huupati."

* * *

Daktari wa masikio alikuwa na sauti ya mnadani, na nje ya dirisha lake jenereta la hospitali lilikuwa likinguruma, basi Bi Mashine akamsikia bila taabu. Akampenda papo hapo. Binti alikaa upande mmoja. Upande wa pili alikaa wifi yake Bi Mashine, dada wa marehemu mumewe, muuza mitumba, mwanamke ambaye hata msibani humpa mtu sababu ya kuuma kanga asicheke. Huyo hakualikwa, alikuja kwa sababu hajawahi kukosa jambo.

"Ndani kabisa ya sikio," daktari akasema, ameshika sikio la plastiki kubwa kama embe, "kuna mfupa mdogo kuliko punje ya mtama. Kazi yake ni kutikisika. Wako umeotewa na mfupa mwingine pembeni, umeganda, kama bawaba iliyoshikwa na kutu. Sauti inafika mlangoni, mlango haufunguki. Masikio yote mawili, la kulia limezidi."

Bi Mashine akamkumbuka mama yake, yule Mlango.

"Mlango naweza kuufungua. Nautoa ule mfupa, naweka kijiti kidogo badala yake. Wengi husikia tena. Ila nyuma ya mlango huo huo kuna pimamaji."

"Hii ya waashi?" wifi akadakia.

"Ndugu yake. Kuna vimfereji vyenye maji, ndivyo vinavyouambia mwili wapi juu, wapi chini. Mama hapa anaanguka, maana yake huenda pimamaji imeguswa. Kabla sijafungua lazima nijue ya kulia inafanya kazi kiasi gani, na ya kushoto kiasi gani. Nikiona hali mbaya, sifungui. Nisije nikakupa masikio nikakunyang'anya miguu."

Akaeleza kipimo. Akasisitiza: vidonge vya kizunguzungu aviache tangu juzi yake, asinywe hata kimoja.

Sasa hapa ndipo Bi Mashine alipoteleza, na hakuteleza kwa kutosikia. Alisikia kila neno. Ila kichwani mwake maneno yalijipanga upya kama abiria wanaogombea viti, na yaliyopata kukaa yalikuwa haya: ukikutwa na kizunguzungu, hufunguliwi sikio, na ufunguo wa mashine huuoni tena. Huo kwake ulikuwa mtihani. Na mitihani aliijua tangu shule ya msingi, alipomaliza darasa la saba kwa jicho la pembeni na shingo ndefu.

"Wifi," akasema walipofika nyumbani, binti ameshakwenda kwenye cherehani yake, "mtihani gani huo mtu anaambiwa aende bila kusoma?"

Wifi akamsogelea sikioni, macho yanacheka. "Ndiyo maana wengi wanafeli. Wewe hivyo vidonge vyako vinakushika?"

"Nikinywa, dunia inatulia."

"Basi kunywa. Kunywa viwili, dunia ipige magoti kabisa. Utakayelala kitandani pao ni wewe, au ni daktari?"

Wakacheka wakagongana mikono. Asubuhi ya kipimo Bi Mashine akanywa viwili, na pakiti akaichomeka kwenye sidiria, endapo dunia itafufuka njiani.

* * *

Chumba cha kipimo hakikuwa na dirisha. Kuta zilivishwa magodoro, na mlango ulipofungwa, hata ule uvumi wa jenereta ukakatika. Bi Mashine hakuwa amewahi kukutana na ukimya wa namna hiyo. Alihisi kama amefunikwa na blanketi lililolowa.

Mpimaji alikuwa mwanamke mnene wa makamo, miwani imefungwa kamba isianguke, viatu vya raba. Alijua kazi yake: akaja mpaka usoni, midomo ikionekana vizuri, akapaza sauti.

"Mama, umekunywa dawa yoyote ya kizunguzungu?"

"Hapana, dada."

"Jana?"

"Hapana."

"Leo asubuhi, hata kimoja?"

"Uji tu," akasema Bi Mashine, na uji kweli alikuwa amekunywa, juu ya vidonge.

Akasimamishwa juu ya kipande kinene cha sponji, akaambiwa afumbe macho. Akasimama akiyumba kidogo, vidole vya miguu vimeng'ang'ania sponji kama kuku juu ya kamba, lakini hakuanguka. Akajipongeza moyoni. Kisha akalazwa, kichwa kimeinuliwa, akavishwa miwani mizito kama ya mchomeleaji, giza totoro ndani yake, na kamera ndogo inayomwangalia macho.

"Nitamimina maji sikioni," mpimaji alimweleza kabla ya giza. "Ya uvuguvugu, halafu ya baridi. Kulia, halafu kushoto. Maji yakiingia, pimamaji huamka ikidhani umeanza kuzunguka, na macho hucheza. Utaona kizunguzungu, usiogope, hupita. Nikikubana mkono, anza kunitajia vyombo vya jikoni kwako, akili isilale."

Maji yakaingia. Mkono ukabanwa.

"Sufuria," akasema Bi Mashine gizani. "Mwiko. Chujio. Sufuria ile nyingine ambayo wifi aliazima hajarudisha."

Akangoja dunia izunguke. Haikuzunguka. Ilitikisika kidogo tu, mbali, kama gari linalopita barabara ya nyuma. Maji ya baridi yakaja, kisha sikio la pili, nayo vile vile. Vidonge vilikuwa vimeshika kazi kwelikweli. Alipofika kwenye vikombe alikuwa anapiga miayo, na kwenye ungo akasinzia, mpimaji akamtikisa bega.

Akatoka anatabasamu kama mtoto aliyeona majibu ya mwenzake.

Mpimaji hakutabasamu. Alikuwa akiitazama mistari kwenye kompyuta, akivua miwani, akiifuta, akiivaa tena. "Miguu inasema hivi," alijisemea, "masikio yanasema vile." Akamgeukia Bi Mashine mara nyingine, akamsogelea usoni. "Mama, una uhakika hakuna dawa?"

"Dada yangu, mimi na umri huu nikudanganye ili nipate nini?"

* * *

Daktari aliwaita wote ndani. Sauti yake ya mnadani ilikuwa imeshuka, na Bi Mashine akalazimika kumwangalia midomo.

"Mama, habari si nzuri. Pimamaji zako zote mbili hazijibu. Maji ya uvuguvugu, maji ya baridi, kulia, kushoto, macho yamelala. Kusimama kwako kwenye sponji hakupatani na haya, lakini mimi sifungui sikio kwa kubahatisha. Nikigusa kidogo kilichobaki, utatembea kwa kushika ukuta maisha yako yote. Upasuaji hatufanyi."

Tabasamu la Bi Mashine likabaki usoni halina kazi. Alidhani hakuelewa. Alikuwa hajacheza, hajazunguka, ametulia kama maji ya mtungini. Si ndiyo walikuwa wanataka?

Akamtazama wifi. Wifi alikuwa anaangalia dari kana kwamba ni yeye aliyeipaka rangi.

"Kuna vifaa vya kuvaa sikioni, tutajaribu," daktari akaendelea. "Mashine ya kusaga iache. Na wewe..." Akamgeukia binti. "Ugonjwa huu hutembea na ukoo, na kwa baadhi ya wanawake mimba huuchochea. Wewe unasikiaje?"

Binti akageuza uso kidogo, upande wa kushoto ukatangulia. "Eh?"

"Unasikiaje?"

"Vizuri tu, Daktari."

Jambo hilo dogo, ule uso kugeuka, Bi Mashine alikuwa analiona tangu mimba ilipoanza kuonekana. Aliona pia kwamba simu siku hizi binti huiweka sikio la kushoto hata akiwa ameshika mkasi kwa mkono huo, na kwamba redio ya kibanda cha cherehani imepanda mpaka majirani wanaimba nayo. Alikuwa ameona, akafumba. Akajiambia ni ujana.

"Sawa," daktari akasema. "Lakini shika neno hili. Ikitokea siku ukahitaji kufunguliwa sikio, mwambie daktari wako kwamba mama yako pimamaji zilikufa zote mbili. Atafikiri mara mbili kabla ya kukugusa, na pengine atakataa."

Binti akaitikia kwa kichwa, mtiifu, akilihifadhi neno hilo kama mtu anayepewa kitu cha thamani akitunze.

Bi Mashine akatia mkono kifuani. Wifi akamfinya paja. Akafinywa tena, kwa kucha. Mkono ukatoka na pakiti ya vidonge, ya moto kwa joto la mwili, akaiweka mezani kando ya sikio la plastiki.

"Hazijafa, Daktari," akasema. "Nimezilevya."

Mpimaji, aliyekuwa mlangoni na karatasi zake, akapaza sauti ambayo hata bila jenereta ilifika. "Mama! Si nilikuuliza! Nimekuuliza nikakuuliza!"

"Na mara zote nilikusikia, dada yangu. Leo nimesikia kuliko siku zote."

"Kwa nini sasa?"

"Nilitaka kufaulu."

Daktari aliichukua pakiti, akaihesabu kwa macho, akairudisha. "Mama, hapa mtu hafaulu kwa kutulia. Ungekwenda hivyo hivyo, ningekuacha kiziwi na nikadhani nimekuokoa. Na binti yako ningemfungia mlango kabla hajaufikia."

Wifi akakohoa. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo..."

"Shangazi," binti akasema, "wewe nyamaza. Wewe nitakufikia."

* * *

Wakapewa siku nyingine ya kipimo, na safari hii vidonge vilikabidhiwa kwa binti, vikakaa na ufunguo.

Hizo siku za kungoja, Bi Mashine alizilipa. Bila vidonge, dunia ilimrudia na hasira zote za kulevywa. Alilala ubavu mmoja, macho kwenye mguu wa meza, kwa sababu mguu wa meza ulikuwa kitu pekee chumbani chenye heshima ya kukaa mahali pake. Akijigeuza, ukuta unamfuata. Akikaa, kitanda kinaondoka. Mashine ilikuwa imefungwa, na kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimya. Watu waliingia, wakasogeza midomo, wakatoka. Alimwona jirani wa foleni, mmoja wa wale waliomsema ana maringo, amekuja kumjulia hali. Akasema maneno mengi mazuri bila shaka, na Bi Mashine hakupata hata moja. Akatamani amtukane, ili mradi amtukane karibu na mashine.

Hofu yake haikuwa tena ya kufeli. Alijiuliza: vipi kama kweli zimekufa? Vipi kama vidonge havikulevya chochote, vililala tu juu ya maiti? Hapo angekuwa amejianika kwa bure, na lile neno la daktari lingemwangukia binti yake kihalali.

Binti alimletea uji. Alikuwa amenuna, hajamsemesha vizuri tangu hospitali. Alipoinama kumpa kikombe, Bi Mashine akamshika kidevu, akamgeuza taratibu, na kumnong'oneza kwenye sikio la kulia. Alinong'ona kama mtu mzima wa masikio anavyonong'ona, kwa kukisia, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujisikia.

Binti akangoja. Kisha akasema, "Umesema?"

"Nimesema uji una majivu."

Binti akauangalia uji. Haukuwa na majivu. Wakatazamana, na kule kununa kukaondoka usoni mwa binti, kikaja kitu kibaya zaidi ya kununa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono juu ya tumbo, kikombe kikipoa.

"Nikitoka mimi mle chumbani," Bi Mashine akasema hatimaye, "utaingia wewe."

"Mimi sina kizunguzungu."

"Wala mimi sikuwa nacho nilipokuwa na mimba yako."

* * *

Mpimaji alimpokea kwa jicho moja. "Kifuani kuna nini leo?"

"Ziwa tu, dada. Unaruhusiwa kupekua."

Mpimaji akajizuia kucheka, akashindwa kidogo pembeni mwa mdomo. Kwenye sponji, alipofumba macho, Bi Mashine aliyumba mpaka akamwangukia mpimaji kifuani, wakabaki wamekumbatiana kama mashoga waliopotezana zamani. Akalazwa. Miwani. Giza. Maji ya uvuguvugu, sikio la kulia.

"Sufuria," akaanza, roho iko mkononi. "Mwiko."

Dunia ikasogea. Haikukimbia, ilijikokota, kama mlevi anayeamshwa. Akataja vijiko vyote anavyomiliki na hata asivyomiliki. Ikajikokota, ikachoka, ikalala. Moyo wake ukalala nayo. Maji ya baridi, hali ile ile.

Zamu ya kushoto.

Mkono ulipobanwa hakuwahi kusema sufuria. Kitanda kilimtupa. Chumba kilishika kasi kama puli, na yeye ndiye kilemba, anapigwa ukutani, pa, pa, pa. Alishika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, mate yakamjaa, akasikia sauti yake mwenyewe inatokea mbali: "Mwiko! Mwiko! Mwiko!" Na kwa maisha yake yote hakuwahi kuogopa kiasi kile, wala kufurahi kiasi kile kwa wakati mmoja. Ipo. Iko hai. Inaniua, lakini iko hai. Kisha akatapika, ndani ya beseni ambalo mpimaji, kwa hekima ya kazi, alikuwa ameshaliweka tayari.

Miwani ilipotolewa, uso wa mpimaji ulikuwa juu yake, meno yote nje. "Umezunguka vizuri sana, mama!"

"Nimeishi miaka yote hii," Bi Mashine akasema, anafuta mdomo, "leo ndiyo mtu ananisifu kwa kutapika."

Daktari hakumwaga asali. Pimamaji ya kushoto ni nzima. Ya kulia imechoka, imebaki nusu na pungufu. Sikio la kulia ndilo lenye uziwi mkubwa, na ndilo angelifungua, maana hata likitetereka, pimamaji ya kushoto itaubeba mwili. La kushoto haligusi kamwe. Kusikia, kuna matumaini. Kizunguzungu, hakuahidi kitu; pengine kitapungua, pengine hapana.

"Na mkanda wa mashine?" akauliza Bi Mashine. Hilo ndilo lililomleta.

"Mkanda usiukaribie tena. Hata nikifanikiwa."

Alikaa na neno hilo. Angepata masikio ya kusikia mtaa wote bila mashine, na mashine yenyewe, mle alimokuwa mzima, anaiacha. Daktari alitoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine, na hakuwa na ubaya wowote, ndivyo sikio lilivyo. Akamgeukia wifi yake, ambaye kwa siku hiyo alikuwa mpole kama kuku aliyenyeshewa.

"Wewe uliyenishauri vidonge, mkanda utaushika wewe. Mitumba yako watauza wanao."

"Mimi? Wifi, mimi unga unanipigisha chafya."

"Utazipiga huku unasaga."

Wifi akajipangusa pua, kana kwamba unga umeshamfikia.

* * *

Kibanda cha kupima usikivu kilikuwa na kioo. Binti aliketi ndani, vikorokoro vya kusikilizia masikioni, mgongo umenyooka kwa sababu ya tumbo. Aliambiwa: ukisikia kengele, hata kama ni ndogo kama mbu, inua mkono. Mpimaji alikaa nje, kidole juu ya kitufe. Bi Mashine aliwekewa kiti nyuma ya bega lake, na kutoka pale aliona vyote viwili, kidole na mkono.

Walianza na kushoto. Kidole kikabonyeza, mkono ukainuka. Kidole, mkono. Kidole, mkono. Bi Mashine akaanza kupumua.

Mpimaji akageuza swichi upande wa kulia.

Kidole kikabonyeza. Mkono wa binti ulikuwa juu ya tumbo, na pale ulibaki. Kikabonyeza tena, sauti imeongezwa, sindano ya kipimo ikapanda. Mkono haukusogea. Binti alikuwa makini, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayengoja kugongewa.

Kisha akainua macho, akamwona mama yake kupitia kioo. Na macho yale Bi Mashine aliyajua. Ndiyo yale yake ya darasa la saba. Yaliuliza: sasa? Imelia? Nionyeshe.

Ilikuwa rahisi mno. Kupepesa kope kungetosha, au kidevu. Kidole cha mpimaji kilikuwa mbele yake kabisa, na mpimaji alikuwa amempa mgongo.

Kidole kikabonyeza.

Bi Mashine aliiingiza mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia. Akayakaza macho yake, yasicheze hata kidogo, yale macho ambayo juzi alilipia ili yacheze. Nyuma ya kioo binti aliendelea kumtazama, akingoja, na mama yake hakumwambia kitu, machozi yakimshuka bila kuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa imekaliwa.

Sindano ikapanda tena. Ikapanda tena. Mpimaji akabonyeza, na safari hii, polepole, bila kumtazama mtu, binti akainua mkono.